Jinsi ya Kutenga Msitu wa Hifadhi wa Kijiji Ndani ya Hifadhi Hai: Mwongozo Kamili

Kamati imechaguliwa, mpaka umefyekwa, muhtasari umeandikwa, faili limekwenda wilayani. Miezi minane baadaye faili limerudi, na msitu wenyewe umeshaanza kuliwa upande wa bondeni. Habari hii naletewa mara nyingi mno, na karibu kila ninapoulizia faili lilirudishwa kwa nini, nakuta makosa ni yale yale manne matano. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu.

Mfano wangu mkuu ni Usambara Mashariki, mkoani Tanga, kwa sababu ndiko ninakokujua vizuri. UNESCO iliitambua milima hiyo kuwa hifadhi hai (wengine huziita hifadhi za biosfia) mwaka 2000. Hifadhi ya aina hii ina sehemu tatu. Katikati kuna kiini kinacholindwa kikamilifu, kama ilivyo Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Kukizunguka kiini kuna ukanda wa kinga, ambako watu hutumia maliasili kwa masharti. Nje zaidi kuna eneo la mpito lenye vijiji, mashamba ya chai, iliki na michungwa.

Kuna jambo moja ambalo viongozi wengi wa vijiji hawajaambiwa waziwazi. Kutambuliwa na UNESCO hakukuondolei ardhi, na wala hakukupi sheria ya kumzuia mtu mwenye msumeno. Kiini kina askari wa Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS, na kina sheria yake. Msitu ulio kwenye ardhi ya kijiji chako unalindwa na maandishi ya kijiji chako. Kama maandishi hayo hayapo, ukanda wa kinga ni rangi tu kwenye ramani.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Cheti cha ardhi ya kijiji, au angalau ramani ya mipaka ya kijiji iliyokubaliwa na vijiji jirani
- Mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, kama mnao
- Daftari la mihutasari lenye kurasa zilizotiwa namba, na karatasi za mahudhurio zenye jina, kitongoji na sahihi
- Ramani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000 ya eneo lenu
- Kifaa cha GPS, au simu mbili zenye programu ya GPS, pamoja na chaji ya akiba
- Utepe wa kupimia, rangi nyekundu ya mafuta, brashi, mapanga
- Nakala za Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002
- Fedha ya chakula cha watakaotembea mpaka. Usiidharau hii: mtu mwenye njaa huukubali mpaka wowote ili arudi nyumbani.

Mwoneni pia afisa misitu wa wilaya mapema na mpate ahadi yake. Kazi yote hii huchukua mwaka, wakati mwingine zaidi. Anayewaahidi wiki tatu hajawahi kuifanya.

Hatua ya 1: Hakikisheni ardhi ni ya kijiji

Nendeni na afisa misitu hadi kwenye vigingi vya hifadhi ya serikali na mvione kwa macho. Kama msitu mnaoutaka uko ndani ya vigingi, njia yenu ni nyingine: ni usimamizi wa pamoja, ambapo kijiji na TFS wanaingia mkataba. Kama uko nje ya vigingi, ndani ya mpaka wa kijiji, endeleeni na mwongozo huu.

Onyo: kwenye milima hii kuna mashamba makubwa ya chai yenye hati, na ndani yake kuna misitu. Msitu huo si wa kijiji hata kama babu zenu walitambika humo. Sema hivyo mapema, kabla watu hawajajenga matumaini.

Mmefaulu hapa mkiwa na karatasi moja, yenye sahihi ya afisa misitu, inayosema eneo fulani liko kwenye ardhi ya kijiji.

Hatua ya 2: Mkutano mkuu wa kijiji uamue, kisha uchague kamati

Uamuzi wa kutenga msitu ni wa mkutano mkuu, yaani wakazi wote waliofikisha miaka 18. Halmashauri ya kijiji inapendekeza tu. Mafaili mengi hukwama kwa sababu yana muhtasari wa halmashauri ya kijiji bila wa mkutano mkuu, au una kura "wote walikubali" bila idadi. Andikeni waliohudhuria wangapi, waliokubali wangapi, waliokataa wangapi. Waliokataa waandikwe na sababu zao. Hilo halidhoofishi faili. Linaonyesha mkutano ulikuwa wa kweli.

Kamati ya maliasili iwe na mtu kutoka kila kitongoji, na wanawake wasiwe wa kujazia nafasi. Wao ndio wanaojua kuni zinatoka wapi na chemchemi ipi hukauka mwezi wa pili. Mwenyekiti wa kijiji asiwe mwenyekiti wa kamati, kwa sababu kesi zitakazotoka kwenye kamati zitafika mezani kwake.

Hatua ya 3: Tembeeni mpaka na majirani zenu

Nitakaa zaidi kwenye hatua hii, kwa sababu hapa ndipo pameharibika kazi nyingi nilizoziona.

Msitembee mpaka peke yenu. Iteni wajumbe wa kila kijiji kinachopakana nanyi, wazee kwa vijana. Asubuhi moja nilitembea na kundi la namna hiyo. Vijana wenye simu walikuwa mbele, wakifuata mstari kwenye kioo. Bibi mmoja wa kijiji jirani alikuwa nyuma na fimbo yake. Tulipofika kwenye kijito alisimama akasema, "Wanangu, mmeshapita." Akatugeuza, akaingia kwenye magugu, akafunua kwa fimbo safu ya masale matano yaliyozeeka, majani yake marefu yameinama. Masale kwa Wasambaa ni mpaka na ni amani, huyang'oi. Mstari wa kwenye simu ulikuwa umeingia kwenye shamba la mwanawe kwa hatua zipatazo mia tatu.

Kosa halikuwa la vijana. Ramani nyingi za serikali za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, lakini simu na vifaa vya GPS hutumia WGS 84. Namba zile zile zikisomwa kwenye mifumo hii miwili hupishana kwa karibu meta 300 kuelekea kaskazini au kusini. Meta 300 ni shamba zima la mtu, na ni ugomvi wa miaka.

Kwa hiyo fanyeni hivi:

1. Angalieni pembeni mwa ramani ya karatasi, sehemu ya maelezo, mjue imechorwa kwa mfumo gani.
2. Fungueni mipangilio ya kifaa chenu na mchague mfumo mmoja. Kwa Tanga chagueni kanda ya 37 Kusini ya UTM, yaani gridi ya kupima ramani kwa meta. Andikeni jina la mfumo juu ya kila ukurasa wa daftari.
3. Kabla ya kuingia msituni, pimeni sehemu inayojulikana, kama njia panda au daraja, mlinganishe na ramani. Zisipolingana, msisogee hata hatua moja.
4. Katika kila kona ya mpaka, simameni dakika mbili au tatu mpaka usahihi utulie. Chini ya miti mirefu simu hutangatanga. Tafuteni uwazi mdogo, au chukueni vipimo vitatu na mtumie wastani.
5. Andikeni namba, kisha mwieleze kona kwa maneno: "mkuyu ulio kando ya kijito, hatua kumi kutoka kwenye jiwe jeupe". Namba zikipotea, maneno yatabaki.
6. Pakeni rangi kwenye miti ya mpaka usawa wa kifua, upande unaotazama nje.

Mkimaliza, msitawanyike. Kaeni pale pale, wajumbe wa vijiji vyote wasaini makubaliano ya mpaka. Ukiacha sahihi za kesho, kesho mtu atakuwa ameshauriwa na shemeji yake.

Shamba la mtu likikutwa ndani ya eneo, lijadilini papo hapo: mpaka ulikwepe, au mwenye shamba apewe eneo jingine kwa maandishi. Serikali ilipofunga ushoroba wa Derema, unaouunganisha msitu wa Amani na misitu ya kaskazini, wakulima wa iliki walilipwa fidia ya mazao. Kijiji hakina fedha ya fidia. Mstari uliopinda lakini hauna kesi ni bora kuliko ulionyooka ukaipeleka kamati mahakamani.

Mmefaulu mkiwa na orodha ya kona, mchoro, na makubaliano yenye sahihi za vijiji vyote jirani.

Hatua ya 4: Hesabuni kilichomo

Afisa misitu atawapa utaratibu wa tathmini shirikishi: mistari ya kutembea na viwanja vya sampuli. Mti hupimwa unene kwenye meta 1.3 kutoka ardhini, upande wa juu wa mteremko. Andikeni pia visiki, chemchemi, njia za wanyama, na miti mnayoitegemea kwa kipato, kama msambu, ambao mbegu zake huokotwa na kuuzwa kwa ajili ya mafuta.

Angalieni miti migeni pia. Maesopsis ililetwa Amani kwa kupandwa, na sasa inajiotea kwa kasi kila penye uwazi. Mkijua iko wapi, mna mahali pa kuanzia kuvuna bila kuuumiza msitu wa asili.

Hesabu isipofanyika, mpango wa matumizi utakuwa wa kubahatisha, na wilaya itauliza mmeipata wapi idadi ya miti ya kuvunwa.

Hatua ya 5: Andikeni mpango wa usimamizi

Tumieni wazo lile lile la hifadhi hai kwa kipimo cha kijiji. Gawanyeni msitu wenu sehemu tatu. Vyanzo vya maji na miteremko mikali ndiyo kiini, haviguswi. Sehemu inayofuata ni ya kuni zilizokauka, dawa, mbegu na mizinga ya nyuki. Ya mwisho, pembeni, ni ya kupanda miti ya mbao na kuni ili watu wasilazimike kuingia ndani.

Mpango usizidi kurasa kumi. Ujibu: nani anaruhusiwa kuingia, kuchukua nini, kiasi gani, siku zipi, kwa kibali cha nani, na fedha inakwenda wapi. Usomeni kwa sauti kwenye kila kitongoji kabla ya mkutano mkuu. Mama anayebeba kuni akisema hakuelewa siku zake za kuokota, andikeni upya.

Onyo: msiandike makatazo matupu. Nimesoma mpango mmoja uliokataza kila kitu, hata uyoga. Haukudumu msimu mmoja wa mvua, kwa sababu watu hawakuacha kula uyoga. Walijifunza tu kuingia usiku.

Hatua ya 6: Tungeni sheria ndogo zinazoshikika

Mpango bila sheria ndogo ni ombi. Mwizi wa mbao akikamatwa, hakimu atauliza amevunja kifungu gani, na "mpango wetu unakataza" haitatosha.

Kosa kubwa hapa ni kunakili sheria ndogo za kijiji kingine. Nimeona zenye jina la msitu wa wilaya nyingine kabisa kwenye kifungu cha tatu. Kosa la pili ni lugha ya hotuba. Linganisha:

*Dhaifu:* "Ni marufuku kuharibu mazingira ya msitu."

*Imara:* "Mtu yeyote hataruhusiwa kukata mti mbichi ndani ya Msitu wa Hifadhi wa Kijiji bila kibali cha maandishi kilichotolewa na Halmashauri ya Kijiji. Atakayekiuka atatozwa faini isiyozidi kiasi kilichotajwa katika Jedwali."

Sentensi ya pili inasema nani, kosa gani, wapi, bila nini, na adhabu yake. Kila kifungu kipimeni kwa maswali hayo matano.

Faini za kijiji zina ukomo kisheria. Mwombeni mwanasheria wa wilaya aweke viwango kabla ya mkutano mkuu, si baada, maana mkiweka faini kubwa mkutano ukaipitisha, wilaya ikaikata, itabidi mkutano uitishwe tena. Adhabu za viboko, kumtenga mtu au kumnyang'anya mbuzi ziacheni kabisa.

Sheria ndogo zinapendekezwa na halmashauri ya kijiji, zinapitishwa na mkutano mkuu, kisha zinaidhinishwa na baraza la madiwani. Ruka moja, hazina nguvu.

Hatua ya 7: Pelekeni faili wilayani, na mlifuate

Pangeni faili kwa mpangilio huu: barua ya kijiji, mihutasari ya mkutano mkuu na mahudhurio yake, makubaliano ya mpaka, mchoro na orodha ya kona, matokeo ya tathmini, mpango wa usimamizi, sheria ndogo. Kila ukurasa uwe na namba, mhuri wa kijiji, na sahihi ya mwenyekiti na ya mtendaji.

Tengenezeni nakala tatu. Mnapokabidhi, anayepokea asaini na kuandika tarehe kwenye nakala yenu. Ulizeni baraza la madiwani linakutana lini, kwa kuwa ukikosa kikao kimoja unaweza kusubiri miezi mitatu. Mchagueni mtu mmoja wa kufuatilia, na diwani wenu ajue jina lake.

Mmefaulu siku sheria ndogo zikirudi zimeidhinishwa na msitu umeingizwa kwenye rejista ya wilaya. Wekeni vibao siku hiyo hiyo, mwite shule, mwite majirani mliotembea nao mpaka.

Hatua ya 8: Doria, vibali na daftari la fedha

Doria ya watu wawili kila wiki, kwa njia zinazobadilika, ni bora kuliko ya watu ishirini mara moja kwa mwaka. Kila doria iandikwe: tarehe, majina, walipopita, walichokiona, hata kama hawakuona kitu.

Fedha ndiyo inayoua kamati. Risiti itolewe kwa kila kibali na kila faini, na mapato yasomwe mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu, yabandikwe kwenye ubao wa ofisi. Kamati ikikaa miezi sita bila kusoma mapato, hata kama haijala senti, kijiji kitaamini imekula. Sheria ya Misitu inakipa kijiji haki ya mapato ya msitu wake, ila taratibu za kusafirisha na kuuza mbao hubadilika kwa kanuni. Muulizeni afisa misitu kabla ya kuvuna gogo la kwanza.

Hatua ya 9: Kipato nje ya panga

Hifadhi hai haikutengenezwa iwe gereza la wanakijiji. Karafuu, mdalasini na pilipili manga kwenye mashamba ya Muheza, mizinga ya nyuki, mbegu za msambu, vyote vinapunguza haja ya kukata. Iliki iangaliwe kwa makini: ikilimwa chini ya msitu wa asili, huondoa miche michanga, na baada ya miaka msitu hubaki wazee watupu bila watoto. Ilimeni kwenye kivuli cha miti ya shambani.

Msitegemee chanzo kimoja. Wafugaji wa vipepeo wa Amani walikuwa wakiuza pupa, yaani kiwavi aliyejifunga kabla hajawa kipepeo, nje ya nchi, na fedha ilikuwa nzuri. Mwaka 2016 serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyama hai nje, soko lilifungwa ndani ya siku moja tu, na vipepeo walikuwemo kwenye zuio hilo. Aliyekuwa na mizinga na karafuu pembeni alipona.

Kumbukeni pia wanaokunywa maji yenu. Mto Zigi huanzia kwenye milima hii, na maji yake ndiyo yanayofika Tanga mjini kupitia bwawa la Mabayani. Mkiwa na msitu uliosajiliwa na daftari la doria, mna cha kuweka mezani mnapozungumza na mamlaka ya maji.

Kama uko nje ya Usambara

Gombe-Masito-Ugalla, iliyotambuliwa mwaka 2018, iko chini ya sheria zile zile za Bara, kwa hiyo hatua ni hizi hizi. Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotambuliwa mwaka 2016, ni Zanzibar: huko msitu wa shehia huwekwa kwa mkataba wa usimamizi na idara ya misitu. Kenya, kwa mfano Mlima Kenya, jamii huunda chama cha misitu cha jamii na kuingia makubaliano na shirika la misitu la nchi hiyo chini ya sheria ya mwaka 2016. Hatua ya 3 ya mpaka, ya 5 ya mpango na ya 8 ya fedha zinawahusu nyote bila kubadilisha neno.

Baada ya miaka mitatu, na baada ya kumi

Msitu ukishakaa miaka mitatu tangu utangazwe na kijiji, mnaweza kuomba utangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Watakachotaka kuona ni kama mmeusimamia kweli: doria, risiti, mihutasari.

Na kila baada ya miaka kumi UNESCO huipitia kila hifadhi hai kuona kama bado inastahili. Timu hiyo huuliza vijiji vimefanya nini kwenye ukanda wa kinga na eneo la mpito. Wekeni nakala moja ya daftari ofisi ya kijiji, ya pili shuleni, ya tatu kwa afisa misitu wa wilaya. Ofisi za vijiji huvuja wakati wa masika, na nimeona miaka saba ya doria ikigeuka uji ndani ya kabati la bati.